Pinioni haibadilishwi peke yake

Katika magaraji mengi ya Goma utaambiwa kwamba pinioni, gia ndogo ya difu (sanduku la gia la ekseli linalozungusha magurudumu), ikilika meno, inatosha kutafuta nyingine yenye idadi ileile ya meno, hata iliyotolewa kwenye gari bovu, na krauni ya zamani, yaani gia kubwa inayozungushwa na pinioni, ibaki. Ni nafuu, na gari litatembea. Kwa muda.

Idadi ya meno inaeleza uwiano tu, yaani pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja: meno 37 ya krauni ukigawanya kwa 9 ya pinioni unapata 4.11. Haisemi lolote kuhusu umbo la uso wa meno hayo. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani hadi zikubaliane, na mara nyingi huandikwa namba moja ya jozi. Ukizitenganisha, mguso unahamia ukingoni mwa jino. Kwanza difu inalia, halafu jino linakatika, pengine juu ya mawe ya lava ukielekea Sake na mzigo.

Jozi mpya nayo haifungwi kwa kukisia. Kina cha pinioni hurekebishwa kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma), beringi zake hukazwa kwa kipimo, na uwazi kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia, kifaa chenye mshale kinachopima sehemu ndogo za milimita. Mara nyingi ni 0.15 hadi 0.20 mm, ingawa mwongozo wa gari ndio wa kufuatwa. Kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa, alama ionekane katikati ya jino. Fundi asiye na saa hiyo simpi difu yangu.

Na kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, ukibadilisha uwiano, badilisha difu ya mbele na ya nyuma pamoja.