Je, wajua kwa nini askari magereza humsikiliza ndugu, lakini akija wakili huishia kutazama tu?

Ukienda kumwona ndugu yako Keko au Segerea, magereza ya Dar es Salaam, askari atakaa mahali anapoweza kusikia mnachosema. Wiki hiyohiyo akija wakili wa ndugu yako, askari anatakiwa asogee: awaone, asiwasikie. Familia nyingi huumia zikiona hivyo, zikadhani mwenye suti anathaminiwa kuliko mama mzazi. Kanuni hiyo ilitungwa kumlinda mahabusu mwenyewe, na ni vizuri kila mwenye ndugu ndani aielewe kabla hajafungua mdomo kule.

Anayemshtaki mahabusu ni Jamhuri, na anayemlinda gerezani ni mtumishi wa Jamhuri hiyohiyo. Askari akisikia mshtakiwa akimweleza wakili shahidi gani ataletwa na swali lipi linamtia hofu, upande wa mashtaka unaweza kuujua utetezi kabla haujafika mahakamani. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za 1955 kuhusu wafungwa zilisema mahabusu na wakili wake waonane mbele ya macho ya askari lakini mbali na masikio yake. Kanuni hizo zilipoandikwa upya Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, sharti hilo likawa Kanuni ya 61, na sasa linamhusu hata aliyekwisha kuhukumiwa.

Macho yamebakizwa kwa sababu wakili naye ana mikono. Simu, noti au karatasi ya mtu mwingine inaweza kupita mezani, na kuizuia hakuhitaji kusikia neno hata moja. Zipo serikali zilizojaribu kwenda zaidi ya hapo. Katika kesi ya S. dhidi ya Uswisi, polisi walisikiliza mazungumzo ya mshtakiwa na wakili wake, na hoja ya serikali ilikuwa kwamba mawakili wa washtakiwa wenza wangeweza kupanga utetezi pamoja. Mwaka 1991 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilijibu kwamba mawakili kushauriana juu ya utetezi si jambo la ajabu, na kwamba msaada wa wakili asiyeweza kuongea faragha na mteja wake unapoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Kwa ndugu hali ni tofauti. Askari husikiliza mambo machache mahususi: mpango wa kutoroka, salamu za kumtisha shahidi, maagizo ya kuhamisha mali inayotafutwa, na ombi la kitu kilichokatazwa. Habari za watoto, kodi ya nyumba na ada ya shule hazimsumbui.

Sasa tuje kwenye ziara yenyewe, kwa sababu wengi hukwama getini kwa mambo yanayozuilika. Anzia mahakamani. Chukua jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye hati, namba ya kesi, na tarehe ambayo kesi itatajwa tena. Mtu anayejulikana mtaani kwa jina la mwanawe anaweza kuwa kwenye hati kwa majina matatu usiyoyajua, na daftari la gereza linafuata hati. Wanawake huwekwa Segerea. Mwanamume akishahukumiwa anaweza kuhamishiwa Ukonga au nje kabisa ya Dar es Salaam, kwa hiyo hukumu ikitoka uliza upya kabla ya kupanda daladala. Kila gereza lina siku na saa zake za wageni. Ziulize getini kwanza, kabla hujawasha jiko.

Tarehe ya kesi ina kazi nyingine. Mahakama ikiahirisha kesi ya aliye mahabusu, kwa kawaida haivuki siku 15 kwa mara moja, ndiyo maana husikia "wiki mbili" kila mara. Siku hiyo ndugu yako yuko kwenye karandinga kuelekea Kisutu au mahakama nyingine, na wewe ukifika gerezani na chakula utarudi nacho.

Getini utaonyesha kitambulisho, utaandikwa kwenye daftari, utaacha simu, kisha utapekuliwa. Kanuni za Mandela zinataka upekuzi ufanywe kwa ridhaa ya mgeni. Unaweza kukataa wakati wowote, na gereza nalo linaweza kukunyima kuingia. Zinataka pia upekuzi usimdhalilishe mtu, na upekuzi wa ndani ya mwili usifanywe kamwe kwa mtoto. Ukiona upekuzi umevuka mpaka, sema kwa utulivu, "Afande, naomba kumwona mkuu wa gereza." Kugombana mlangoni humwadhibu aliye ndani.

Chakula hupekuliwa kuliko hata nguo. Ugali hupasuliwa katikati, mchuzi hukorogwa kwa kijiko, na aliyekileta anaweza kuambiwa aonje. Sabuni ya mche hukatwa vipande, kwa kuwa laini ya simu ikisukumwa ndani ya mche na tundu likalainishwa kwa maji, kwa nje huoni kitu. Basi tumia chombo chenye mdomo mpana, kata nyama vipande vidogo nyumbani, na acha chupa zenye shingo nyembamba, maana kisichochunguzika hurudishwa. Kanuni hizohizo za Mandela zinampa mahabusu nafasi ya kuletewa chakula na familia, kwa sababu bado hajapatikana na hatia. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mkosaji mpaka ithibitike. Aliyehukumiwa hula cha gereza. Pesa iulizie ofisini, usiipenyeze mkononi hata kama ni ya dawa.

Ndani, penye wavu kati ya wageni na mahabusu, kuna tatizo ambalo hakuna aliyelipanga. Watu ishirini wamejipanga, kila mmoja anaongea na wake. Mmoja akipandisha sauti kidogo asikike, jirani naye hupandisha, na baada ya dakika chache wote wanapiga kelele na hakuna anayeelewa. Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu huinua sauti bila kujijua anapozungukwa na kelele. Katika hali hiyo hata askari hasikii maneno, anabaki kutazama vidole, mifuko na midomo iliyosogea sana kwenye wavu. Ushauri wetu ni kwenda na mambo matatu tu kichwani, kuanza na la muhimu, na kusema sentensi fupi ukimtazama usoni ili asome midomo yako.

Lugha nayo ni sehemu ya kusikilizwa. Mkianza Kihaya au Kisukuma na askari haelewi, anaweza kuwataka mrudi kwenye Kiswahili, na akihisi mnakaidi anaweza kuyakata mazungumzo. Katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini, Mandela na wenzake walikatazwa kuongea Kixhosa na wageni wao, na walipaswa kubaki kwenye habari za familia tu. Miaka ya mwanzo pale alikuwa na haki ya mgeni mmoja na barua moja kila miezi sita. Barua zilikatwa kwa wembe palipo na maneno yasiyotakiwa, zikafika zikiwa na matundu.

Barua za wakili zina kanuni inayofanana na ile ya macho na masikio. Katika kesi ya Campbell dhidi ya Uingereza, 1992, mahakama ileile ya Ulaya ilisema barua ya wakili inaweza kufunguliwa pale tu penye sababu ya kuamini kuna kitu haramu ndani yake, na hata hapo isisomwe. Kuifungua mbele ya mfungwa ni njia mojawapo ya kuhakikisha hilo.

Nchi zinazowaruhusu wafungwa simu, kama Marekani na Uingereza, hurekodi karibu kila wito, na mara nyingi tangazo la mwanzo huwaonya wote wawili. Namba ya wakili husajiliwa ili mtambo usiirekodi. Hapo ndipo mambo huharibika: wakili akibadilisha namba, au mtumishi akisahau kuisajili, mtambo hunasa siri bila nia mbaya ya mtu yeyote. Novemba 2014 waziri wa sheria wa Uingereza, Chris Grayling, aliliomba radhi Bunge baada ya kubainika kwamba baadhi ya simu za wafungwa kwa wabunge zilikuwa zimerekodiwa, ilhali zilipaswa kuwa za siri.

Askari akibaki karibu wakati wakili anaongea na ndugu yako, wakili anyamaze, aombe nafasi, akikataliwa amwandikie mkuu wa gereza, kisha alitaje jambo hilo mbele ya hakimu siku kesi itakapotajwa. Nawe ndugu, yale unayoyajua kuhusu kesi, nani alikuwepo usiku ule, risiti iko wapi, nani amekubali kutoa ushahidi, usiyapeleke kwenye wavu. Mazungumzo yenu hayana kinga ya wakili, na askari aliyeyasikia anaweza kuitwa kuyaeleza. Yaandike kwenye karatasi, nenda ofisini kwa wakili, umkabidhi mkononi.