Hali ya mwili ya simbilisi: kwa nini mizani peke yake haitoshi

Wanaofuga simbilisi nyumbani (ndiye "guinea pig" wa Kiingereza; wapo wanaomwita pimbi, ingawa pimbi hasa ni yule mnyama wa porini akaaye kwenye majabali) wamezoea kulitumia neno "hali ya mwili" kama jina jingine la uzito. Mtu anaulizwa hali ya mwili ya mnyama wake ikoje, anajibu, "Kilo moja na gramu mia." Mwingine anaambiwa na daktari wa mifugo kwamba alama ya hali ya mwili imepanda, anarudi nyumbani na kuanza kumnyima mnyama nyasi. Huyu wa pili ndiye aliyenisukuma kuandika, maana simbilisi anaweza kufa kwa kosa hilo, na mwenyewe akabaki anajiuliza amemkosea nini.

Maana yake ni fupi. Hali ya mwili ni kipimo cha mafuta na misuli iliyofunika mifupa. Hupimwa kwa macho na vidole, kisha hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama ya 1 amekonda sana, 3 yuko sawa, 5 amenenepa kupindukia. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaijua siku nyingi, kwani ndiyo inayotazamwa ng'ombe anapokaribia kuzaa na baada ya kuzaa. Uzito ni gramu tu.

Sasa tuone vitu hivi viwili vinapoachana. Simbilisi aliyekomaa huwa na gramu 700 hadi 1,200 hivi, na dume kwa kawaida humzidi jike. Wachukue wanne, kila mmoja ana gramu 1,000 kamili kwenye mizani. Wa kwanza ni dume mwenye mifupa mipana: kwake gramu hizo ni sawa kabisa, pengine hata anahitaji kidogo zaidi. Wa pili ni jike mwenye umbo dogo, na kwake gramu 200 kati ya hizo ni mafuta. Kidevu kimeungana na kifua, na akitembea tumbo linagusa sakafu. Wa tatu ana mimba. Simbilisi hubeba mimba siku 59 hadi 72, muda mrefu kwa mnyama mdogo hivyo, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya, meno, na macho yaliyofumbuka. Watoto waliokomaa namna hiyo wana uzito wao, na mama akikaribia kuzaa anaweza kufikia karibu mara mbili ya uzito wake wa siku zote.

Wa nne ndiye anayeniuma zaidi. Ni jike mzee mwenye uvimbe uliojaa maji kwenye ovari, ugonjwa unaowapata sana majike wenye umri. Tumbo limejaa pande zote mbili, kila anayemwona anasema, "Huyu anakula vizuri." Pitisha kidole mgongoni kwake, utakuta uti wa mgongo umechongoka. Misuli imekwisha, uvimbe umechukua nafasi yake, na mizani inaendelea kusoma gramu 1,000 wiki baada ya wiki. Mwenye kuangalia namba peke yake hataona kitu. Mwenye kugusa atajua siku hiyohiyo.

Kugusa kwenyewe si kazi ngumu, ila mnyama awe ametulia. Mweke mapajani juu ya taulo, mkono mmoja umzuie kifuani, na vidole vya mkono wa pili vipite ubavuni bila kukandamiza. Kunja ngumi yako, uguse vifundo vya vidole: mbavu zikisikika hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, uguse mgongo wa mkono wako mwenyewe: mifupa ipo, inahesabika, lakini imefunikwa kidogo. Hiyo ndiyo 3. Ikiwa unatafuta mbavu kama unavyotafuta mfupa katikati ya kiganja upande wa ndani, mafuta yamezidi. Kisha shuka kwenye uti wa mgongo na nyonga, na mwisho umtazame kwa juu: aliye sawa huwa mwembamba kifuani na mpana kidogo nyuma. Manyoya hudanganya, hasa kwa wale wenye manyoya marefu, kwa hiyo macho yasitangulie vidole.

Nadhani mkanganyiko huu umetokana na mazoea ya ufugaji wetu. Njombe na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini, na kule Kivu vilevile, simbilisi ni kitoweo. Anafugwa jikoni au kwenye banda dogo, anakula maganda na majani, na akinona kazi yake imekamilika. Kwa mfugaji wa nyama, kunona ni sifa, tena sifa ya haki, kwani mnyama huyo hataishi miaka mingi. Simbilisi wa mtoto sebuleni anatarajiwa kuishi miaka 5 hadi 8, na mafuta yana muda wa kutosha kumdhuru. Nyayo zisizo na manyoya hubeba mzigo mkubwa zikachubuka na kuota vidonda vigumu kupona. Mwili ukijaa sana hawezi kujikunja kula kile kinyesi laini ambacho ni sehemu ya lishe yake, wala kujisafisha. Jike mnene akipata mimba anaweza kuugua ghafla siku za mwisho na kufa pamoja na watoto. Tunaposema "amenona, ana afya", tunachukua sifa ya mnyama wa chungu na kumpa mnyama wa kukaa naye.

Hapa ndipo kosa la pili linapoingia. Mtu akishakubali kwamba mnyama amezidi, anamfanyia anachojifanyia mwenyewe: anampunguzia mlo, au anamlaza bila chakula. Utumbo wa simbilisi hautaki hivyo. Chakula chake kinachachushwa na vijidudu katika sehemu pana ya utumbo, na mwendo wa huko unategemea nyuzinyuzi ziingie mchana na usiku. Akikaa nusu siku hadi siku nzima bila kula, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, naye anapoteza hamu hata ya kile kilichopo. Aliye mnene ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mwili ukikosa chakula unayeyusha mafuta kwa kasi na ini linalemewa. Yule tunayedhani ana akiba ya kumvusha siku mbili ndiye asiyeweza kuvuka.

Nyasi, basi, hazipunguzwi kamwe. Ziwe mbichi au zilizokaushwa, zikae kihorini saa zote. Robota la Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho zilizokaushwa, linafaa, likiwa bado na rangi ya kijani, lina harufu nzuri, na halina ukungu wala vumbi. Mabua ya mpunga na ngano ni ya kulalia. Yanajaza tumbo bila kulisha. Nyasi ndizo pia zinazosaga meno. Simbilisi ana meno 20 na yote hayaachi kukua, mpaka magego, na kutafuna nyasi kwa muda mrefu ndiko kunakoyaweka kwenye urefu wake. Magego yakirefuka huchoma ulimi au kuuzuia. Hapo utamwona anakimbilia chakula, anakichukua, kisha kinamdondoka mdomoni.

Kinachopunguzwa ni pumba ya mahindi, mabaki ya ugali, mkate, karoti na ndizi za kila siku, na peleti (vile vipande vidogo vya chakula cha dukani kilichoshindiliwa) zinazojazwa bakulini bila kipimo. Peleti zinatosha kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku. Alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde, waachiwe wanaokua na wenye mimba. Ina kalisi nyingi, na kwa mkubwa kalisi hiyo huweza kuishia kuwa mawe kwenye kibofu. Halafu apewe nafasi ya kutembea, kwa sababu kizimba kidogo hunenepesha hata kwa mlo mzuri.

Mboga nazo zisiguswe kwa kisingizio cha kupunguza uzito. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, naye anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kila siku. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich, huko Norwei, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wanaugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na ni kwa njia hiyo sayansi ilipata mnyama wa kuuchunguzia ugonjwa huo. Pumba na maji ni mlo uleule. Pilipili hoho, hasa nyekundu, na sukuma wiki kiasi vinaziba pengo hilo bila kunenepesha. Mwenye kiseyeye huumwa viungo na hukataa kutembea, na nimesikia watu wakimwita mnyama wa namna hiyo mvivu.

Mizani ina kazi yake, na kazi hiyo ni kuonyesha mwelekeo. Mizani ya kidijitali ya jikoni na bakuli vinatosha, mara moja kwa wiki, saa ileile, kabla ya mboga. Gramu 20 au 30 kupanda na kushuka ni chakula na mkojo tu. Lakini aliyekuwa na gramu 1,000 akifika 900 bila wewe kubadili chochote, hiyo ni asilimia 10, na hapo ni kwa daktari, hata kama bado anaonekana mnene na mchangamfu. Simbilisi ni windo kwa asili yake. Huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha, na daftari la uzito mara nyingi hutangulia dalili nyingine zote.

Kwa hiyo swali "simbilisi anatakiwa awe na kilo ngapi?" ningependa liulizwe hivi: huyu wangu, kwa umri wake na umbo lake, alikuwa na gramu ngapi mwezi uliopita, na mbavu zake zinasikikaje leo? Akiwa kwenye alama ya 4, nyasi ziongezwe, peleti zipimwe kwa kijiko, na wiki ijayo aguswe ubavuni kwanza, ndipo apandishwe kwenye mizani.