Virusi vya polio kwenye majitaka: je, kuna wagonjwa wanaofichwa?

Wengi huamini kwamba virusi vya polio vikigunduliwa kwenye majitaka, basi wapo watoto waliopooza ambao habari zao zinafichwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwani virusi hivyo vimetoka kwa mtu.

Ila mtu huyo huenda hata hajui. Polio huleta ulemavu wa kudumu kwa takriban mtu 1 kati ya 200 walioambukizwa, na wengi hawaoni dalili yoyote, ingawa hutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtaro huweza kuonyesha virusi kabla ya hospitali. London, mwaka 2022, virusi vilionekana kwenye majitaka mara kadhaa bila mgonjwa hata mmoja wa kupooza kupatikana. Kipimo hiki cha majitaka kina upungufu wake pia: panapotumika vyoo vya shimo, ambavyo haviungani na mtaro, sampuli ya mtaro haisemi mengi.

Ukikutana na taarifa ya aina hii, tazama kwanza sampuli ilichukuliwa wapi, kwenye majitaka au kwa mgonjwa, na lini. Kisha fungua kadi ya kliniki ya mtoto uone ni chanjo gani imebaki.