Jamhuri ya Roma haikuwa demokrasia ya Athene

Ugiriki na Roma hutajwa pamoja kama chimbuko la demokrasia, na wengi hubaki wakidhani kwamba Waroma waliiga tu kilichoanzishwa na Wagiriki. Sivyo. Roma ilikuwa jamhuri: haikuwa na mfalme, na viongozi wake walichaguliwa na raia. Lakini Mwathene wa kawaida alishiriki kutawala, ilhali Mroma wa kawaida alichagua wa kumtawala.

Tukisema demokrasia ya Kigiriki tunamaanisha hasa Athene, kwa kuwa Ugiriki ilikuwa mamia ya miji iliyojitawala, kila mmoja na desturi zake. Sparta, kwa mfano, ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja. Athene ilibadilika baada ya mageuzi ya mwanasiasa Cleisthenes, mwaka 508 KK. Tangu hapo raia walikusanyika kwenye kilima cha Pnyx kuamua vita, amani, kodi na sheria. Raia yeyote aliweza kusimama na kusema, awe mkulima au mfinyanzi, kisha mikono ikanyooshwa. Mkono wa tajiri haukuzidi wa maskini.

Jambo linalotushangaza zaidi leo ni jinsi Waathene walivyojaza nafasi za uongozi. Nyingi hawakuzipigia kampeni. Walizigawa kwa bahati nasibu. Baraza la watu 500 lililoandaa ajenda za mkutano lilipatikana hivyo, watu 50 kutoka kila moja ya makabila kumi, na hakuna aliyeruhusiwa kuhudumu humo zaidi ya mara mbili maishani. Mahakimu wa mahakama za umma nao walitokana na orodha ya raia 6,000 waliopatikana kwa bahati nasibu kila mwaka. Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba bahati nasibu ni njia ya kidemokrasia na uchaguzi ni njia ya utawala wa wachache. Naona alikuwa na hoja: uchaguzi humpendelea mwenye jina, mali na ulimi mtamu. Majenerali kumi tu, pamoja na wachache wenye kazi za utaalamu, ndio waliochaguliwa kwa kura. Ndiyo maana Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athene, aliweza kurudi kwenye ujenerali mwaka baada ya mwaka.

Roma iliwafukuza wafalme wake, kwa mapokeo mwaka 509 KK, ikaweka makonsuli wawili wa kuchaguliwa kila mwaka, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Pembeni yao kulikuwa na Seneti, baraza la wazee kutoka familia kubwa. Kisheria Seneti ilitoa ushauri tu. Kwa vitendo ilishika hazina na mambo ya nje, na kwa kuwa konsuli alikaa mwaka mmoja na seneta kwa kawaida maisha yake yote, ushauri huo haukupuuzwa kirahisi. Mgiriki Polybius, aliyeishi Roma karne ya 2 KK, aliusifu mpango huu kwa kuchanganya nguvu ya kifalme, ya mabwana wakubwa na ya umma.

Mimi siuoni mchanganyiko huo kuwa wa haki, na sababu yangu ni hesabu ya kura. Katika mkutano uliochagua makonsuli, Waroma walipiga kura kwa makundi 193 yaliyopangwa kwa mali, na kila kundi lilihesabiwa kuwa kura moja. Katika mpango wa awali wapanda farasi, yaani matajiri waliotumikia jeshi kwa farasi, walikuwa na makundi 18, na tabaka la juu kabisa makundi 80. Jumla ni 98, yaani wingi tayari. Maskini wasio na mali, pamoja na wingi wao, walisongamana katika kundi moja, na upigaji kura ulisimama mara tu wingi ulipofikiwa. Isitoshe, mpiga kura hakuwa na nafasi ya kujadili. Aliitwa kukubali au kukataa.

Watu wa kawaida walipata silaha moja kali baada ya kugoma na kuuhama mji mwaka 494 KK, kama mapokeo yanavyosema. Walipewa watetezi wao, matribuni, ambao neno lao moja lilitosha kusimamisha uamuzi wa konsuli au wa Seneti.

Wanawake na watumwa hawakupiga kura katika mji wowote kati ya hii miwili. Ila Athene ilikuwa na ubahili mkubwa wa uraia: tangu mwaka 451 KK ilibidi baba na mama wote wawe Waathene, na mtumwa aliyeachwa huru alibaki mgeni. Roma ilimfanya mtumwa wa raia aliyeachwa huru kwa taratibu za sheria kuwa raia, na mwaka 212 BK Kaisari Caracalla alitoa uraia kwa karibu watu wote huru wa dola. Lakini wakati huo jamhuri ilikuwa imegeuka utawala wa makaisari, na uraia haukubeba tena kura yenye uzito. Tangu mwaka 14 BK, chini ya Kaisari Tiberius, uchaguzi wa viongozi ulikuwa umehamishwa kutoka kwa umma na kuingizwa ndani ya Seneti.