Kuingia si kuenea: spana, nyundo na Land Rover ya kale

"Spana ni spana, bora iingie." Kwa kauli hiyo nati nyingi za Land Rover za kale zimekufa, na hapa Malindi zinakufa upesi zaidi, maana kutu ya chumvi huwa imeshazila pembe kabla spana haijazigusa. Mwenye gari ana seti yake mpya ya milimita, inang'aa, na anashangaa kwa nini kila nati anayoifungua inatoka duara.

Inatoka duara kwa sababu Series I, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, haikuundwa kwa milimita. Bolti zake nyingi ni BSF (British Standard Fine), za Kiingereza za inchi, na namba iliyopigwa kwenye spana ya BSF si upana wa mdomo, ni unene wa bolti. Hapo ndipo watu wanapopotea. Spana iliyoandikwa 5/16 BS, ndiyo ya BSF, ina mdomo wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Namba 13 haiingii kwenye nati nzima. Namba 14 inaingia, lakini inacheza kwa zaidi ya nusu milimita, na ikivutwa inashika pembe tu, ubavu hauguswi. Nati ya 3/8 BSF ina milimita 15.2: namba 15 inakataa, 16 inacheza. Ya 7/16 BSF ndiyo yenye huruma, ni milimita 18 barabara, na mtu akibahatika nayo mara moja huamini zote ziko hivyo.

Wajanja hupigilia soketi ya 13 kwa nyundo juu ya nati iliyoliwa na kutu. Itafunguka, sikatai. Lakini hiyo ni njia ya nati ya kutupwa, si ya nati unayotaka kuirudisha mahali pake. Na spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iacheni kwa mabomba ya maji.

Hasara kubwa zaidi huja wakati wa kufunga. Bolti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.9, kwa hiyo kwa jicho ni sawa na bolti ya milimita 8 ya dukani. Hesi zake, ile mikato inayoizunguka bolti, si sawa hata kidogo. BSF ya 5/16 ina hesi 22 kwa inchi, zimekatwa kwa pembe ya nyuzi 55. UNF, mfumo mwingine wa inchi, ya unene uo huo ina 24, kwa pembe ya nyuzi 60. Ya milimita 8 ya kawaida ina hatua, yaani umbali wa hesi hadi hesi, ya milimita 1.25, takriban hesi 20 kwa inchi. Ukichanganya, bolti inaingia kwa vidole mizunguko miwili, kisha inakaba. Mtu anadhani ni kutu, anatia spana, inazunguka kwa ugumu, anafurahi kwamba imekaza. Haikukaza, imekata hesi mpya juu ya zile za zamani. Kama tundu ni la aluminiamu, ukifungua tena hesi zinatoka zimejiviringa kwenye bolti, na kazi ya dakika mbili imegeuka ya kutoboa upya na kutia hesi ya waya. Bolti ambayo haijaingia kwa vidole mizunguko minne au mitano isiguswe na spana. Geji ya hesi, ya kutambua hesi za bolti, ni kitu kidogo cha kukaa mfukoni. Inunueni kabla ya rangi.

Series II ya 1958 na zilizofuata zina UNF kwa wingi, na spana zake ni za AF (across flats), ambazo namba yake ndiyo upana wa nati. Hata hivyo BSF bado imejificha humo, hasa kwenye giaboksi, kwa hiyo seti ya BSF haiepukiki. Saizi tano zinatosha kuanzia: 1/4, 5/16, 3/8, 7/16 na 1/2, za ringi, pamoja na soketi za pembe sita. Pembe kumi na mbili kwenye nati yenye kutu ni kujitafutia balaa.

Wapo pia wanaoamini spana kuukuu ya Kiingereza ni nzuri kwa kuwa ni kuukuu. Ipime kwa vernia kwanza. Mdomo wa 0.525 uliotanuka hadi 0.54 ni chuma chakavu, jina lolote liwe limepigwa juu yake.

"Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu, igonge tu." Haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na fremu ya chuma kwenye hewa ya bahari hugeuka unga mweupe, na brashi ya waya wa chuma huacha vipande vinavyoanzisha ugonjwa huo huo katikati ya paneli. Tumia brashi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Nyundo ya chuma nayo hutandaza bati: bonde linanyanyuka, kisha linabaki tumbo linalolia "tik" ukilibonyeza. Tumia nyundo ya mti. Bati likikakamaa, lipake sabuni ya mche, lipashe moto upande wa pili mpaka sabuni iwe kahawia iliyokolea, uache lipoe. Usingoje liwe jekundu. Aluminiamu haitoi taarifa hiyo, inayeyuka tu.

Grenda badala ya tupa? Kwenye chuma kinene, sawa. Kwenye aluminiamu jiwe linaziba na bati linapata joto na kujikunja. Tupa iliyopakwa chaki haizibi.

"Nati ikikataa, ongeza bomba kwenye spana." Bolti itakatika. Safisha hesi zinazoonekana, tia mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, uache usiku kucha, na moto usikaribie hapo. Asubuhi gonga kichwa cha bolti mara kadhaa, kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue. Ikikatika hata hivyo, piga alama katikati kwa senta panchi na utoboe polepole kwa keekee ya mkono. Drili ya umeme ikikwepa hapo, itakula aluminiamu laini iliyo kando na kuiacha bolti.