Kufuta meseji hakukufichi, dada yangu

Wengi wanaamini ukishafuta meseji na histori ya brauza basi mume anayekupiga na kukufuatilia hatajua kitu. Sio kweli, na inaniuma sana maana wadada wanajiweka hatarini huku wakidhani wako salama.

Iko hivi, kama anajua namba ya kufungulia simu yako anahitaji dakika moja tu ukiwa bafuni, anafungua WhatsApp, anaskani ile kodi ya QR (kile kimraba chenye vidoti) inayotokea kwenye kompyuta yake na tayari, kuanzia hapo chati zako anazisomea kulekule hata simu yako ikiwa imezimwa, sasa wewe unafuta usiku yeye kashasoma mchana. Ndani ya WhatsApp, ingia setingi au vile vidoti vitatu vya juu, gusa vifaa vilivyounganishwa, ukiona kompyuta usiyoijua ndo hiyo. Histori nayo, kama umeingia Google kwa akaunti ambayo paswedi anaijua, ukifuta kwenye simu bado inaweza kubaki kwenye akaunti.

Lakini usikimbilie kumtoa! Akiona amekatwa ghafla atajua umegundua, na hapo ndo wengine hupigwa zaidi. Acha simu hiyo iendelee na mambo ya kila siku, bei ya nyanya, salamu za shangazi, halafu mipango ya kuondoka ifanye kwenye simu ya mtu unayemwamini, ambayo mumeo hajawahi kuishika. Kwa walio Kenya kuna 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, ila usipige kwa simu yako maana namba inabaki kwenye orodha ya ulizopiga.