Rangi kwenye plastiki za nje za gari: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, na sehemu yake ya kwanza kuonyesha umri aghalabu huwa ni plastiki nyeusi isiyopakwa rangi: bampa la Toyota Probox, kingo zinazozunguka uwazi wa tairi, mikanda ya milangoni. Jua huila taratibu hata ikawa ya kijivu na kuacha unga kidoleni. Mwenye gari huamua kuipaka rangi, ikapendeza kwa miezi michache, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande. Hapo lawama huangukia kopo la rangi au joto la pwani, ilhali mara nyingi kosa lilikuwa limeshafanyika kabla ya bunduki ya rangi kuunganishwa na kompresa.

Dhana iliyozaa hasara kubwa kuliko zote ni ile isemayo kuwa plastiki zote ni moja. Si kweli. Plastiki nyeusi yenye uso wa chembechembe, ile ya mabampa na kingo za tairi, mara nyingi ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, nayo kwa maumbile yake haipendi kushikwa na kitu chochote, iwe ni gundi, rangi au hata maji. Plastiki ya ABS, inayopatikana sana kwenye grili na vifuniko vya vioo vya pembeni, hupokea praima, yaani mpako wa kwanza wa kuishikisha rangi, bila taabu. Hakuna haja ya kukisia: ukilifungua bampa na kulipindua, utakuta kwa ndani maandishi madogo yaliyochongwa kiwandani, kama vile >PP+EPDM< au >ABS<. Herufi PP (yaani polipropilini) zikionekana, au zile za TPO (mchanganyiko wa aina hiyohiyo), ujue kwamba praima ya kawaida haitakutosha.

Tone la maji linaweza kukuonyesha jambo hilo kwa macho yako. Lisafishe bampa la polipropilini hadi litakate, kisha linyunyizie maji. Hayatatandaa, bali yatajikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteremka, kama yafanyavyo juu ya jani la yungiyungi. Rangi nayo ni kimiminika, na isipotandaa na kuulowesha uso vizuri, haiwezi kuushika. Kiwandani tatizo hili hutatuliwa kwa kuupitishia uso mwali wa moto kwa muda mfupi sana, au kwa kupaka praima maalumu ya plastiki, yenye kemikali inayofungamana na polipropilini kwa upande mmoja na kuipokea rangi kwa upande wa pili. Fundi wa mtaani hutegemea njia hii ya pili, na dukani ni lazima aitaje kwa jina, maana akiomba praima tu atapewa ya chuma.

Mimi mwenyewe nililipia funzo hilo. Gereji moja ilinipakia kingo nne za tairi kwa praima ileile iliyotumika kwenye fenda ya chuma, nami nikazipokea kwa furaha kwa sababu ziling'aa. Siku nilipozipeleka kuoshwa kwa pampu ya maji, ukucha wa rangi ukainuka penye ncha ya ukingo mmoja. Nilipouvuta kwa vidole viwili, ukatoka utando mzima, laini na mrefu kama ganda la kitunguu, na plastiki iliyobaki chini ikawa safi kabisa, haina hata doa. Usafi ule ndio ulionifumbua macho. Praima ya chuma yenye asidi hufanya kazi kwa kuumana na chuma, na kwenye plastiki hakuna cha kuumana nacho.

Wapo wanaoamini kuwa msasa mkali huondoa haja ya praima ya plastiki. Msasa ni wa lazima, lakini kazi yake ni kuondoa tabaka lililochakaa na kuukwaruza uso kidogo tu. Ukiutumia msasa wa namba za chini, yaani wenye chembe kubwa, kama 120 au 180 kwenye polipropilini, plastiki huchanika na kutoa manyoya membamba ambayo yataonekana juu ya rangi ya mwisho. Namba 400 hadi 600, au sponji ya kijivu ya kusugulia, inatosha. Kinyume chake ni wale wanaoipaka praima ya plastiki kwa unene wakidhani itashika zaidi, na hilo pia ni kosa, kwa kuwa tabaka nene hupasuka lenyewe katikati. Mipako miwili myepesi inatosha, kisha rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kuhusu usafishaji, kufuta kwa kitambaa chenye petroli si kusafisha. Plastiki nyingi za hapa kwetu zimeshapakwa mafuta ya injini yaliyotumika, mafuta ya taa au dawa za kung'arisha zenye silikoni ili zirudishe weusi, na polipropilini huyanywa mafuta hayo. Juu yake kuna chumvi ya upepo wa bahari, ambayo petroli haiiyeyushi. Anza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza sana, kausha, ndipo utumie dawa ya kuondolea grisi huku ukifuta kwa kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka. Piga msasa baadaye, si kabla, kwa sababu msasa juu ya silikoni huisukumia ndani ya mikwaruzo. Hata bampa jipya kutoka dukani huoshwa, kwa kuwa huja na mabaki ya dawa iliyolitoa kwenye kalibu.

Jua la Mombasa nalo hudhaniwa kuwa ni msaada. Plastiki nyeusi iliyoachwa juani huwaka kiasi cha kutoshikika, na rangi ikiigusa hukauka juu kabla thina (kiyeyushi cha rangi) ya chini haijatoka, kisha thina hiyo hutafuta njia na kuacha vitundu. Msimu wa masika, hasa Mei, una taabu yake: hewa imejaa unyevu, na thina inayokauka upesi huupoza uso hata mvuke ukatua juu yake na kuifanya rangi iwe na ukungu mweupe. Kwa hiyo mimi hupendelea kivuli chenye hewa, asubuhi baada ya umande kukauka, na thina ya taratibu inayouzwa kwa ajili ya sehemu za joto.

Dawa ya kulainisha rangi ili bampa lisipasuke haihitajiki kila mara, kwani klia nyingi (mpako wa mwisho unaoonyesha rangi ya chini) za hadena (kemikali ya kuzikaza) za siku hizi hujikunja vya kutosha. Hadena yenyewe, hata hivyo, nasisitiza kwa dhati: ina isosayaneti, sumu inayoweza kumwachia fundi pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi haiizuii. Anayepuliza klia bila kifaa kamili cha kupumulia anajidhuru, hata kama amefanya hivyo miaka kumi.

Mwisho ni suala la kukauka. Rangi ikiacha kunata jioni ileile haimaanishi kwamba imekomaa. Iache wiki nzima kabla ya kuipeleka kwenye pampu ya maji, na hata baada ya hapo mwambie muoshaji asiuelekeze mdomo wa pampu kwenye ncha za plastiki kwa karibu, maana utando huanza kuinuka hapo kwanza.